Anayesimama Karibu na Msumeno

Tangu Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari umempa mtoto anayeingia kidato cha kwanza njia mbili: mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Kwenye amali kuna useremala, uashi, umeme, ushonaji, kilimo na fani nyingine ambazo kwa muda mrefu zilionekana ni za mtoto aliyeshindwa mtihani. Mimi ni mmoja wa waliofurahi. Nimekula jasho la mbao tangu ujana wangu, na kusikia serikali ikisema kwamba randa na kalamu zote ni elimu kulinipa faraja kubwa.

Shule zilizoanza na mkondo huu zilikuwa chache, lakini huku kwetu bonde la Kilombero mazungumzo yamekwisha kupamba moto. Wazazi wanaonifahamu hunisimamisha njiani na kuniuliza swali lile lile: shule zetu zitapata wapi mashine? Wananiuliza kwa sababu wanajua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa karakana ya mbao pale Mbingu. Nimelifikiria sana swali hilo, na kila nikilifikiria, mashine ndiyo inayonijia mwisho. Kwanza huja watu, na hasa yule mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama mikono ya wengine. Naandika kumbukumbu hizi kwa ajili yake, kwa maana sijasikia akitajwa kwenye bajeti wala kwenye hotuba.

*

Useremala nilijifunzia Ifakara. Nilianza kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia 1975 kwa msaada wa Sweden, kisha nikaingia kwenye karakana ya mtu binafsi mjini. Karakana hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho kijana angetamani: sakula ya kuchania mbao, randa ya mashine, msumeno wa mkanda, na kekee ya kusimama. Mafundi walikuwa wazuri. Mwenye mali alikuwa mtu wa kutafuta tenda, mara nyingi yuko safarini, na akirudi huuliza kazi imefika wapi.

Siku moja mchana umeme ulikatika mbao ikiwa katikati ya meza ya sakula. Fundi aliyekuwa anachana aliichomoa mbao, akaiegemeza ukutani, akaenda kunywa chai, na wengi wakamfuata. Pale kwenye mashine alibaki kijana mmoja wa deiwaka aliyekuwa ameambiwa atumie nafasi hiyo kufagia. Alifagia chini vizuri, kisha akaanza kukumba unga wa mbao uliojazana juu ya meza, kwa mkono.

Swichi ya mashine ile ilikuwa ya kawaida, ya kuwasha na kuzima. Haikuwa ile inayojizima yenyewe umeme ukikatika, ambayo hata umeme ukirudi husubiri mtu aibonyeze upya. Aliyeondoka hakuwa ameizima, kwa sababu mashine iliyokwisha kunyamaza haimkumbushi mtu kwamba bado imewashwa. Umeme ukarudi. Niliusikia msumeno ukianza kunguruma polepole, halafu sauti yake ikapanda, na nilipogeuka kijana alikuwa ameshikilia mkono wake wa kushoto kifuani, macho yamemtoka, hajapiga hata ukelele. Alipoteza ncha za vidole viwili.

Alitibiwa vizuri. Lakini hakuwa na mkataba wala jina kwenye karatasi yoyote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilikuwa imetungwa tangu 2008, ila mfuko wenyewe ulianza kupokea michango ya waajiri mwaka 2015, na hadi leo kibarua ambaye hajaandikwa popote ana kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi wa mtu. Kijana alipewa pesa kidogo mkononi, akarudi kwao.

Jioni ile mafundi walibishana sana juu ya nani alaumiwe. Wengine walisema ni aliyeacha swichi, wengine wakasema ni kijana kwa kupangusa kwa mkono badala ya ufagio, wengine wakamtaja mwenye mali kwa kununua swichi ya bei rahisi. Nilisikiliza nikagundua kwamba kila mmoja alikuwa anasema kweli, na kwamba kweli zote zile hazikuwa na mwenyewe. Kila fundi aliitazama mbao yake. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulitazama banda zima: nani yuko wapi, mashine ipi imewashwa, mtoto gani amesogea mahali asipopajua. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya msimamizi, kabla sijaota kwamba nitaifanya.

*

Mbingu iko kwenye barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa, na siku hizi imo katika Halmashauri ya Mlimba. Upande mmoja wa barabara kuna milima na misitu yake, upande wa pili bonde la mpunga linashuka hadi Mto Kilombero. Masika barabara ilikuwa ikigeuka tope, na watu walitegemea reli ya TAZARA, ambayo ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita katikati ya bonde letu. Mbao zetu nyingi zilifika kwa njia hiyo, na milango yetu mingi iliondoka kwa njia hiyo hiyo.

Nilichukuliwa kwenda kusimamia karakana ya tajiri mmoja. Tulitengeneza fremu za milango na madirisha, vitanda, makabati, na majeneza, maana kijijini seremala haulizwi kama ana nafasi msiba unapotokea. Nilikuta mafundi wamenitangulia kwa miaka, na mkubwa wao alikuwa mzee mmoja aliyeanza kazi ya mbao enzi za kupasua magogo kwa mikono, mmoja juu ya jukwaa na mwenzake shimoni, msumeno mrefu katikati yao. Mtu kama huyo ukimletea msimamizi mwenye umri wa mwanawe, una haki ya kutarajia ugomvi.

Sikwenda kwake na daftari. Jioni ya siku ya kwanza, wenzetu walipokwisha kunawa na kuondoka, nilimfuata alipokuwa akinoa patasi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, baba. Karibu.”

“Mzee, mimi nimeletwa hapa kusimamia. Lakini mbao za bonde hili wewe ndiye unazijua. Nimekuja kukuomba unishike mkono.”

Aliendelea kunoa kwa muda. Halafu akaniambia, “Wewe shika daftari, mimi nishike gogo. Ukiona nimekosea, niite pembeni uniambie. Usinisemee mbele ya vijana.”

Makubaliano hayo tuliyashika hadi mwisho. Yalinifundisha kwamba msimamizi hapewi mamlaka na barua ya tajiri. Barua inampa kiti na mshahara tu. Mamlaka anapewa na wale anaowasimamia, na wanampa wakiona kwamba anajua nani anajua nini, na kwamba hatamdhalilisha mtu ili yeye aonekane mkubwa.

Mzee alilishika gogo kweli. Bonde la Kilombero lilisifika zamani kwa mvule, na wakati ule bado tulikuwa tunapata moja moja, mara nyingi mti uliozeeka kwenye shamba la mtu. Mvule una siri yake. Mti ukipata jeraha ungali mchanga, mara nyingine hujiwekea ndani chokaa inayoganda mpaka kuwa jiwe hasa, na mbao huendelea kukua na kulifunika. Kwa nje huoni kitu. Msumeno ukilifikia jiwe hilo kwa kasi, meno yanaisha kwa mpigo mmoja, na jino likikatika linaruka kama risasi.

Gogo la kwanza la mvule nililolisimamia, mzee aliniomba tusiwashe mashine. Alichukua nyundo ndogo, akalizunguka akiligonga shibiri kwa shibiri, sikio amelisogeza karibu. Gogo lilijibu kwa sauti ileile, nene, ya kujaa. Alipofika karibu na fundo moja sauti ikabadilika, ikawa fupi na kavu. Akagonga tena, akachora duara kwa mkaa. “Hapa,” akasema. Tulikata juu na chini ya duara kwa tahadhari, kisha tukapasua kipande kile kwa kabari. Jiwe lilikuwemo, jeupe, lenye ukubwa wa yai la kuku, limekaa ndani ya mbao ya rangi ya asali.

Niliwaita vijana wote waje walishike. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba gogo la mvule halipandi mezani kabla mzee hajaligonga, na kila akiligonga, kijana mmoja asimame naye na kugonga pia. Maarifa ya namna hiyo hayamo kwenye kitabu cha maelekezo kinachokuja na mashine. Yamo kwenye masikio ya mtu mmoja mmoja. Msimamizi asipoyapangia muda wa kuhama kutoka sikio hadi sikio, yanazikwa na mwenyewe.

*

Kuna pia mlango ambao msimamizi anaulinda, nao ni ule unaoingizia mbao. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka mazao ya misitu yavunwe kwa kibali na yasafiri na hati yake, na magogo halali yanakuwa na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu, ambao siku hizi wako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Wanakarakana wote wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba mninga na mkongo usio na karatasi unauzwa kwa bei inayoshawishi.

Waliotuletea mbao hizo walikuja giza likishaingia, mara nyingi kwa pikipiki, mbao zimefungwa kwa kamba na kufunikwa kwa turubai. Mmoja namkumbuka kwa upole wake. Alikuwa na mbao nzuri za mkongo, zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo, kingo bado zina mikwaruzo. Nilimwomba hati. Akasema itakuja kesho. Nikamwambia basi na mbao zije kesho. Akanitazama akasema, “Kaka, mimi nina watoto, na wewe una kazi za watu. Tusaidiane.”

Tajiri wangu naye alikuwa na deni la fremu za nyumba nzima, na mkongo ule ungelimaliza kwa faida kubwa. Tulizungumza naye pembeni. Sikumhubiria. Nilimwonyesha vijana watatu waliokuwa wamesimama mlangoni wakitusikiliza. Nikamwambia kwamba usiku ule ndio tunawafundisha namna ya kununua mbao, na watakachokiona watakifanya watakapofungua karakana zao. Mbao hatukuzichukua.

Mtu anayeishi Mbingu hahitaji semina kuelewa kwa nini. Mito inayonywesha mpunga wetu inatoka kwenye misitu ya Udzungwa. Watawa wa Mbingu wanaendesha mtambo wao mdogo wa umeme kwa maji yanayoshuka kutoka huko huko. Seremala anayekula mbao za wizi kutoka mlimani anakausha mfereji unaomlisha yeye na jirani yake. Useremala una maadili yake, na maadili hayo hayafundishwi kwa somo la maadili. Yanafundishwa mlangoni, usiku, mbele ya mbao nzuri ya bei rahisi, na mtu mwenye uwezo wa kusema hapana.

*

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja mwaka 2016. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari ile, watoto wakamiminika darasa la kwanza, na nchi ikaona kwa macho kile kilichokuwepo siku zote: watoto wanaandika wakiwa wamekaa sakafuni. Upungufu wa madawati nchini ulihesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Rais Magufuli aliagiza wakuu wa mikoa na wilaya waumalize kufikia tarehe 30 Juni, na mwezi wa Aprili Bunge likatoa shilingi bilioni 6 lilizobana kwenye matumizi yake, ambazo Rais alizielekeza kwenye madawati. Ilikuwa kazi ya heshima. Hakuna seremala aliyekaa nje ya mbio hizo.

Lakini tazama kalenda kwa macho ya mtu wa mbao. Agizo lilitolewa Machi, na ukomo wake ni Juni. Huku bondeni hiyo ndiyo masika yenyewe: mvua, unyevu, barabara zimekatika. Mbao ya inchi moja iliyopasuliwa leo inahitaji miezi kadhaa chini ya banda, imepangwa kwa vijiti ili upepo upite, ndipo ianze kuitwa kavu. Masika haikauki, inaota ukungu. Mteja aliyekuja kwetu na tenda kubwa alitaka madawati mengi kwa wiki chache, na karakana nyingi zilikuwa zimekwisha kusema ndiyo.

Tajiri aliniuliza tutaweza mangapi. Nilimwomba anipe siku ya kuhesabu, nikaingia bandani. Tulikuwa na desturi ya kupima ukavu: tunakata kipande kidogo katikati ya mbao, tunakipeleka kwenye mizani ya duka la jirani, tunaandika uzito wake, na kila baada ya siku chache tunakipima tena. Uzito ukiacha kupungua, rundo hilo liko tayari. Kwa daftari hilo nilijua kwamba mbao kavu zetu zingetosha chini ya nusu ya tenda aliyokuwa ameletewa.

Nilikwenda kwa mzee. Alichukua papi mbili, moja kutoka rundo la zamani na moja iliyoletwa karibuni, akaigusisha kila moja kwenye shavu lake. “Hii baridi, ina maji bado. Hii imekwisha kunyamaza.” Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia chuoni. Mbao mbichi ikikauka hujibana. Ukichonga ulimi kwenye mbao mbichi na kuuingiza kwenye tundu, ulimi utasinyaa na kulegea, na dawati litayumba kabla mwaka haujaisha. Ukigeuza, ulimi ukawa wa mbao kavu kabisa na tundu likawa kwenye mguu wenye unyevu kidogo, mguu ukikauka utaubana ulimi kwa nguvu kuliko gundi yoyote.

Basi tukapanga kazi hivyo. Mbao kavu zote zikaenda kwenye vipande vya kuunga miguu, kila ulimi ukapigiwa kigingi cha mti mgumu. Miguu ikachongwa kutoka mbao zilizokuwa zimekauka nusu. Mbao za kukalia tukaziachia nafasi ndogo kati ya moja na nyingine ili zikisinyaa au kuvimba zisipasuane. Tajiri akachukua sehemu tu ya tenda, ile niliyomwambia inawezekana kwa mpango huu, na iliyobaki akaiachia wengine. Iliniuma kumwona akiiacha pesa ile, na yeye ilimuuma zaidi. Namheshimu hadi leo kwa kukubali.

Mwisho wa mwaka uliofuata tuliitwa kwenye shule moja ya jirani kukarabati madawati. Hayakuwa yetu. Ndimi zilikuwa zimechomoka, misumari imebaki wazi, na mengine yalikuwa yamerundikwa nyuma ya darasa yakisubiri kuwa kuni. Watoto walikuwa wamerudi sakafuni, ilhali kwenye taarifa shule ile ilikwisha kuhesabiwa kuwa na madawati ya kutosha. Sikuwahukumu mafundi walioyatengeneza. Huenda walikuwa hodari kuliko sisi. Walikosa mtu wa kusimama kati ya haraka ya mteja na polepole ya mbao, akazipatanisha. Kazi hiyo haifanywi na mwenye tenda, kwa sababu anaitazama tarehe, wala haifanywi na fundi aliyelipwa kwa kipande, kwa sababu anahesabu vipande. Inafanywa na mtu anayelipwa ili alitazame dawati.

*

Baada ya hapo alikuja kwetu binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Mama yake alimleta mwenyewe, akaniuliza kwa wasiwasi kama mwanawe ataiweza kazi ya kiume. Nilimjibu kwamba hata mimi sijui, tumpe randa ya mkono tuone. Huo ulikuwa utaratibu wetu kwa kila mwanagenzi. Mashine haiguswi mpaka mkono wako umejifunza kunyoosha ubao kwa randa, kwa sababu mkono ndio unaoisikia mbao inapokataa, inapokwenda kinyume na nyuzi zake, inapotaka kupasuka. Mtu aliyeanzia kwenye mashine haisikii mbao mpaka imrukie.

Vijana wengi waliichukia hatua hiyo. Binti aliipenda. Alikuwa akimaliza ubao anauwekea guni, anauinua kwenye mwanga, akiona mwanga unapenya kati ya chuma na mbao anarudia bila kuambiwa. Nilipoona jicho lile, nikampa kazi ambayo niliifanya mwenyewe hadi wakati huo: kukagua kila mlango na kila fremu kabla haijatoka. Pembe zote nne kwa guni, na kamba kutoka kona hadi kona, mara mbili. Vipimo viwili vya kamba vikilingana, fremu iko sawa. Visipolingana, inarudi kwa aliyeitengeneza.

Fundi mmoja wa siku nyingi alikasirika wazi. “Nikaguliwe na mtoto? Tena wa kike?” Karakana ikanyamaza, wote wakanitazama. Kabla sijajibu, mzee aliinuka na mlango aliokuwa ameumaliza, akauegemeza mbele ya yule binti, akasema, “Mwanangu, nipimie.” Binti akapima. Akapima tena. Akasema kwa sauti ndogo, “Babu, kona ya chini imetoka kidogo.” Mzee akainama kutazama, akaitikia, “Kweli,” akaurudisha kwenye meza yake.

Tangu siku ile sikusikia tena neno la nani anamkagua nani. Nilijifunza kwamba ukaguzi ukiegemea cheo unazaa kinyongo, na ukiegemea kipimo unazaa fundi. Na nilijifunza kwamba heshima ya mzee katika karakana inaweza kuwa ukuta wa kuzuia vijana au ngazi ya kuwapandisha, na uchaguzi ni wa mzee mwenyewe. Yule wa kwetu alichagua ngazi.

*

Sasa narudi kwenye swali la wazazi kuhusu mashine.

Nchi yetu iliwahi kulifikiria jambo hili la ufundi shuleni. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na miaka ya sabini ilikuwa na michepuo ya ufundi, kilimo, biashara na sayansi kimu katika sekondari. Nimewahi kuingia kwenye karakana ya shule moja iliyobaki kutoka nyakati hizo. Meza za useremala zilikuwa nzuri, jiriwa zimefungwa imara, na juu yake yamerundikwa magunia ya mahindi. Mwalimu aliyeijua kazi alihama, na baada yake hapakuwa na mtu wa kuziwasha mashine wala wa kuzizima.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba shule inayotaka kufundisha useremala ianze kwa kumtafuta msimamizi wa karakana, mtu mzima aliyefanya kazi yenyewe kwa miaka, na imlipe kwa kazi hiyo tu. Mwalimu wa somo ana darasa la watoto wengi, ana mitihani ya kusahihisha na ripoti za kujaza. Hawezi wakati huo huo kuwa yule anayelizunguka banda umeme ukikatika kuhakikisha kila swichi imezimwa. Watu hawa tunao. Serikali kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti vya kutambua ujuzi wao, na ni jambo jema sana. Lakini cheti kile kinamtambua mtu kuwa fundi, hakimfungulii mlango wa shule. Nataka mlango huo ufunguliwe. Mzee wetu wa Mbingu hakuwa na cheti cha aina yoyote, na sijapata kukutana na mwalimu wa mbao aliyemzidi.

Mashine ikija, ije na swichi inayojizima na kinga ya msumeno, na ije baada ya randa za mkono, zikiwa nyingi kiasi kwamba kila mtoto ana ya kwake. Mbao za kujifunzia ziwe kavu na ziwe na hati, maana mtoto anayejifunzia kwenye mbao mbichi anajifunza kosa, na anayejifunzia kwenye mbao za wizi anajifunza wizi. Kabla mtoto wa kwanza hajakaribia sakula, wazazi waelezwe kwa maandishi nani atabeba gharama akiumia, kwa sababu mwanafunzi si mfanyakazi na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi haukuundwa kwa ajili yake.

Mwishowe, tuhesabu vitu vinavyostahili kuhesabiwa. Mwaka 2016 tulihesabu madawati yaliyotoka karakana, na mengine yakatuanguka. Wanafunzi wa kwanza wa amali walioingia kidato cha kwanza 2024 watamaliza kidato cha nne 2027, na najua taarifa zitataja idadi ya karakana zilizojengwa na mashine zilizonunuliwa. Wazazi wa Mbingu, Mngeta, Idete na Ifakara wasiridhike na idadi hizo. Waingie karakanani wamwombe mtoto awaonyeshe mlango alioutengeneza mwenyewe, waupime kwa kamba kutoka kona hadi kona, kisha wamuulize jina la mtu aliyekuwa amesimama karibu naye alipokuwa anaukata. Mtoto akiwa na jina la kutaja, shule hiyo inafundisha amali. Akikosa, wamtake mkuu wa shule na halmashauri wamwajiri mtu huyo kabla ya kununua mashine nyingine yoyote.